Jua, maranda ya Mafinga na dizeli inayopanda Kitonga

SEKELA: Karibuni tena wasikilizaji wa Nyanda za Juu Kusini. Kamwene kwa mlioko Iringa na Njombe, na ndugu zangu wa Mbeya, ugonile. Mimi ni Sekela, niko na kaka Lugano. Leo tunaongelea jua, ila paneli na betri tunaziweka kando. Tunaongelea jua la kutengeneza dizeli.

LUGANO: Asante dada Sekela. Mada hii nimeisubiri sana, maana ukikaa barabara hii ya Tunduma unaona malori ya mafuta yanavyohangaika kupanda mlima wa Kitonga. Kutoka Dar es Salaam mpaka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Paneli itawasha taa na kusukuma pampu, lakini lori la mizigo bado linadai dizeli.

SEKELA: Sasa joto la jua linakuwaje dizeli? Twende taratibu, wapo walioiacha kemia kidato cha pili.

LUGANO: Umeshaona watoto wanavyochoma karatasi kwa lenzi. Hapa lenzi ni vioo vingi vinavyolifuata jua kutwa nzima, vyote vikimulika tundu moja juu ya mnara. Pale Móstoles, karibu na Madrid, Hispania, waliweka vioo 169, mwanga ukakolea kama mara 2,500. Ndani ya tundu kuna tanuri, na ndani ya tanuri kuna oksidi ya seriamu, yaani metali iitwayo seriamu iliyoshikana na oksijeni. Ikifika nyuzi 1,500 na hewa imenyonywa, inaachia sehemu ya oksijeni yake. Ukiipooza hadi karibu 900, halafu ukaipitishia mvuke wa maji na hewa ya ukaa, inachukua oksijeni kutoka humo kufidia iliyoipoteza. Unabaki na haidrojeni na kaboni monoksaidi. Kisha unarudia, na seriamu ni ile ile, haiishi.

SEKELA: Mbona wasiyapashe maji moto tu mpaka yavunjike yenyewe?

LUGANO: Utahitaji zaidi ya nyuzi 2,000, na gesi mbili zitatoka pamoja zikiwa moto, haidrojeni na oksijeni. Hapo unaalika mlipuko. Seriamu inazitoa kwa zamu, oksijeni kwanza, haidrojeni baadaye. Mwaka 2010 mwanasayansi Sossina Haile, mzaliwa wa Addis Ababa, akiwa chuo cha Caltech kule Marekani, na Aldo Steinfeld wa chuo cha ETH Zurich, Uswisi, pamoja na wenzao walionyesha kwamba jambo hili linafanyika, wakitumia taa kali zinazoiga jua. Mwaka 2019 kundi la Steinfeld likaweka mtambo mdogo juu ya paa la chuo pale Zurich, ukatengeneza mafuta kwa jua na hewa tu. Watu hawa nawavulia kofia.

SEKELA: Na gesi hiyo kuwa dizeli?

LUGANO: Hilo ni la zamani. Wajerumani wawili, Fischer na Tropsch, walilipatia njia miaka ya 1920, na Sasol ya Afrika Kusini inatengeneza mafuta hivyo kwa makaa ya mawe tangu 1955. Dizeli yake inaingia kwenye injini hiyo hiyo, na inabebwa na lori hilo hilo.

SEKELA: Kaka, tusiwapambie watu. Móstoles walipata asilimia 4.1 tu ya nishati ya jua ndani ya gesi. Paneli ya kawaida inakaribia 20.

LUGANO: Ni kweli, na sababu inajulikana. Kila mzunguko unaipasha seriamu kisha unaipooza, na joto lile lote linapotea. Anayeweza kulidaka na kulirudisha tanurini ndiye atakayeifanya kazi hii ilipe. Ujerumani, mjini Jülich, kampuni ya Synhelion ilizindua mtambo mwaka 2024 wenye hazina ya joto, ili kazi iendelee jua likishazama.

SEKELA: Turudi nyumbani. Watu watasema Mbeya ni baridi, jua la kuchemsha chuma litoke wapi?

LUGANO: Baridi haina ubaya wowote, dada. Tanuri la jua la Odeillo, Ufaransa, linalovuka nyuzi 3,000, liko milimani, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, sawa na kwetu. Hewa ya huko juu ni nyepesi na safi, jua linafika kwa nguvu. Adui ni wingu na ukungu. Paneli inaambulia kitu hata kukiwa na wingu, lakini kioo kinataka jua la moja kwa moja. Kwa hiyo Tukuyu haifai, na ukingo wa Mufindi wenye ukungu wa Juni na Julai haufai. Mimi ningeangalia bonde la Usangu, upande wa Rujewa, miezi ya kiangazi.

SEKELA: Na mimi hapo ndipo nina jambo langu. Hewa ya ukaa kuivuna hewani ni gharama. Sisi tunayo imeshavunwa na miti! Nenda Mafinga uone mashine za dingdong zinavyopasua paini. Maranda yanarundikwa mpaka yanapita kimo cha mtu, kisha yanatiwa moto, na moshi wake unafuka siku kadhaa. Ni kaboni ile inayotafutwa Zurich, sisi tunaichoma.

LUGANO: Hiyo ndiyo njia ninayoiamini kwa huku. Ukiyageuza maranda kuwa gesi kwa njia ya kawaida, sehemu kubwa kidogo, mara nyingi karibu theluthi, inaungua ili kuleta joto tu. Joto likitoka kwenye vioo, sehemu hiyo nayo inaingia kwenye mafuta. Tena unahitaji nyuzi 1,000 hivi, si 1,500, na hiyo seriamu huihitaji.

SEKELA: Lakini Usangu kuna vumbi, vioo vitataka kuoshwa. Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi tangu miaka ya 1990, na wakulima wa mpunga wa Mbarali wanajua kinachotokea maji yakigombaniwa. Mimi sikubali mradi unaokuja kuwaongezea mzigo.

LUGANO: Wala mimi. Vioo vinaweza kufagiwa vikavu kwa brashi, na hilo liwe sharti la kwanza kabla ya nguzo kusimikwa. Na kabla ya vioo, kipimo. Weka Rujewa kifaa kinachopima jua la moja kwa moja, mwaka mzima, saa kwa saa. Kazi hiyo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya wanaiweza.

SEKELA: Basi nawaomba wenye dingdong wa Mafinga, Makambako na Njombe mtutumie ujumbe. Maranda yenu kwa wiki yanajaza malori mangapi, na nani anayachukua? Tukipata majibu tutayasoma kipindi kijacho.