Msaga Unga Aliyevunja Utaratibu: Matabaka katika Hadithi za Canterbury

Mtangazaji 1: Karibuni, wasikilizaji wetu. Leo tunazungumzia Hadithi za Canterbury, kitabu cha mahujaji wanaosimuliana hadithi kwa zamu njiani kwenda Canterbury, Uingereza, ambacho mshairi Mwingereza Geoffrey Chaucer alikiacha bila kukikamilisha alipofariki mwaka 1400. Kaka, tuanze na matabaka yenyewe.

Mtangazaji 2: Ahsante, dada. Zama hizo Kanisa lilifundisha kwamba Mungu amewagawa watu mafungu matatu, yaani wanaosali, wanaopigana vita na wanaofanya kazi za mikono. Chaucer anaweka katika kila fungu mtu wa kuigwa: askari mwungwana aliyepigana hadi Alexandria, padri maskini wa parokia, na mkulima ambaye ni ndugu wa padri huyo. Kati ya mahujaji wapatao 30 waliokutana katika nyumba ya wageni ya Tabard, kusini mwa London, wanaosifiwa hivyo ni wachache mno, nami naamini alikusudia.

Mtangazaji 1: Waliobaki hawaenei katika mafungu hayo. Watazame mafundi watano, akiwemo seremala, mfumaji na mtia rangi: visu vyao vimepambwa kwa fedha tupu, si kwa shaba, na wake zao hupenda kuitwa mabibi na kutangulia mbele ya wenzao kanisani. Kumbuka kwamba mwaka 1363 bunge lilipitisha sheria, ambayo haikudumu, ya kuwakataza mafundi visu na mikanda ya fedha. Kisu kile kinatosha kutuonyesha watu wa mjini waliopata mali kabla ya kupata heshima.

Mtangazaji 2: Chanzo chake ni tauni ya mwaka 1348 na 1349, iliyoua watu wengi kiasi kwamba vibarua wakawa adimu na wakadai ujira mkubwa. Serikali ikauwekea ujira kikomo mwaka 1351, chuki ikatokota, na mwaka 1381 wakulima wakaasi na kuingia London. Chaucer, mtoto wa mfanyabiashara wa mvinyo na msimamizi wa ushuru wa sufu bandarini, alikuwa amepanga nyumba juu ya lango la Aldgate, ambalo waasi wa Essex walipitia.

Mtangazaji 1: Ndiyo maana nalipenda sana tukio linalofuata hadithi ya kwanza. Askari mwungwana amemaliza, na mwenye nyumba ya wageni anamwalika mtawa, anayemfuatia kwa cheo. Mara msaga unga, amelewa hata hajimudu juu ya farasi, anaapa kwamba atasimulia sasa hivi, la sivyo atashika njia yake. Anaachiwa, na kisa chake cha seremala aliyesalitiwa na mkewe kinajibu moja kwa moja mapenzi ya kiungwana tuliyotoka kuyasikia katika hadithi ya askari.

Mtangazaji 2: Na mtawa, dada, anapopata zamu yake baadaye, hamalizi. Anasimulia mfululizo wa wakubwa walioanguka kutoka enzini, mpaka askari mwungwana mwenyewe anamkatiza, akisema kwamba habari za namna hiyo zinamsumbua.