Kuusoma moto: kufua visu nyumbani kwa mapenzi

(Mhadhara uliotolewa Chake Chake, Pemba, baada ya sala ya magharibi, mbele ya wanafunzi wa mafunzo ya amali na wazee wao.)

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliokaa kule mlangoni, sogeeni mbele, maana nimekuja na vitu vya kushika mkononi.

Kazi yangu mimi ni umeme. Navuta nyaya, natia swichi, na hiyo ndiyo inayonilisha mimi na wanangu. Visu nafua mwisho wa wiki, nyumbani kwangu Wete, na siviuzi. Watu huniuliza: kama huuzi, unajichosha kwa nini? Mhunzi wa sokoni aliyeagizwa majembe kumi yawe tayari kabla ya adhuhuri hana nafasi ya kukaa na kipande kimoja cha chuma wiki tatu. Mimi ninayo. Naweza kukosea, nikaanza tena, nikakosea tena, na hakuna mteja anayenisubiri barazani. Katika kukosea huko nimejifunza jambo moja, nalo ndilo lililonileta: nyundo hukipa kisu umbo, lakini ukali wake unatoka motoni, na moto husomwa kwa macho.

Kipitisheni kisu hiki cha kwanza. Nilikifua kwa kipande cha nondo kilichobaki nilipojenga ukuta. Kitazameni, hakina kasoro: kimenyooka, mgongo mnene, ncha nzuri. Nilimpelekea mama yangu. Asubuhi akapara samaki watano aina ya changu, akawakata na vichwa. Adhuhuri akanirudishia. Hakusema neno, alinishika kidole tu akanipitishia juu ya makali, nikayasikia yamejikunja upande mmoja kama ukingo wa karatasi iliyorowa. Nilikinoa tena, na jioni makali yakajikunja vilevile.

Sababu ni kaboni, ile asili ya makaa, iliyochanganyika ndani ya chuma. Chuma cha nondo kina kaboni kidogo, aghlabu robo ya asilimia moja au karibu na hapo, na kwa kiasi hicho hata ukikichoma namna gani hakiwi kigumu cha kushika makali. Springi ya gari, hii ya mabapa, ina kiasi cha asilimia 0.6. Tupa nzuri ya zamani inafika asilimia 1 na kupita. Nasema ya zamani kwa sababu tupa nyingi za bei rahisi ni ngumu juu juu tu, ndani laini. Basi ukiokota chuma usichokijua, kipeleke kwenye grainda utazame cheche zake. Za nondo hutoka ndefu na nyoofu, kama nyuzi. Za tupa hupasuka njiani zikatawanyika matawi matawi, kama fataki za sikukuu. Au kata kipande kidogo, kichome mpaka kiwe chekundu, kitumbukize majini, kisha kipige nyundo. Kikivunjika kama chupa, umepata. Kikipinda, kitafutie kazi nyingine.

Uhunzi si mgeni kwetu. Al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake cha jiografia mwaka 1154, ameandika kwamba watu wa Malindi walikuwa na machimbo ya chuma na kwamba chuma kilikuwa biashara yao kubwa. Na lugha yetu imeyahifadhi maneno ya kazi hii: fuawe, mifuo, koleo, msuka, noleo, matiko. Vijana wengi niliowauliza wanajua koleo peke yake. Leo nitayatumia yote, na asiyelifahamu moja aulize.

Jiko langu halina makuu. Ni rimu ya gari iliyochakaa, ndani nimeikandika udongo, na chini linaingia bomba la hewa. Wazee walivuta mifuo ya ngozi ya mbuzi, mimi natumia feni ndogo. Fuawe langu, yaani pale ninapopigia chuma, ni kipande cha ekseli ya lori nilichokisimamisha kwenye ndoo ya zege. Makaa yangu ni ya vifuu vya nazi. Yana moto mkali na moshi mchache, na vifuu hapa Pemba vinatupwa kila siku.

Kwenye hilo bomba la hewa nataka mnisikilize vizuri. La kwanza nililotia lilikuwa bomba la maji lililopakwa zinki. Moto uliposhika ukatoka moshi mweupe mzito, nikasikia utamu wa ajabu mdomoni, nami nikaendelea na kazi. Usiku nikatetemeka kwa baridi, homa juu, kifua kimebana, mwili wote unauma. Nikadhani ni malaria. Nikapimwa, malaria hakuna. Ilikuwa ni homa ya mvuke wa zinki, na baada ya siku moja na nusu ikaniacha, lakini ningevuta moshi ule kwa saa nyingi zaidi, sijui ningekuwa wapi. Msitie motoni bati, bomba la maji, wala chuma chochote chenye mng'ao ule wa kijivu. Na vaeni nguo za pamba. Cheche ikitua kwenye nailoni, nailoni huyeyuka ikaganda mwilini.

Sasa kufua kwenyewe. Chuma kikifika rangi ya chungwa lililoiva, unapiga. Kikirudi kwenye wekundu uliofifia, unaacha, unakirudisha motoni. Ukipiga kilichopoa unakitia nyufa za ndani ambazo hutaziona mpaka siku ya mwisho. Unaanza na ncha, kisha msuka, yaani ule mkia utakaoingia kwenye mpini, halafu makali. Hapo kuna jambo lililonisumbua miezi: kila nikipiga upande wa makali, kisu kinajipinda kama ndizi kuelekea mgongoni. Mnajua kwa nini? Upande unaopigwa unakuwa mwembamba, na kwa kuwa mwembamba unarefuka, na mgongo haurefuki. Dawa yake ni kukipinda mapema upande wa pili, kiinamie makali, kabla hujaanza kuyapiga. Basi kila pigo la nyundo linakinyoosha, na ukimaliza kimesimama sawa. Siku nilipoligundua hili nilimwamsha mke wangu nimwoneshe.

Baada ya tupa na msasa kinafuata kile ambacho wazee wanakiita kukitia matiko, yaani kukichoma na kukipoza ghafla kiwe kigumu. Kazi hii naifanya usiku, taa nimezizima. Juani huwezi kuusoma moto. Chuma kinachowaka vizuri kivulini, ukikitoa juani utadhani kimezimika, nawe utakiongeza moto mpaka uharibu chembechembe zake, ziwe kubwa na dhaifu. Kizani kila rangi inaonekana: mwanzo wekundu wa damu ya mzee, halafu wekundu wa pilipili iliyoiva, halafu unaanza kuelekea kwenye chungwa.

Lakini macho hudanganya, kwa hiyo ninayo sumaku hii, nimeitoa kwenye spika ya redio mbovu, nimeifunga kwenye waya. Chuma kikiwa chekundu kidogo, sumaku bado inakishika. Kikifika nyuzi 770 hivi za Selsiasi, inakiachia. Inakiachia kabisa, kama haikukijua. Hapo unakiongeza joto kidogo tu, wekundu uwe sawa kutoka ncha mpaka shingo, na unakizamisha kwenye mafuta.

Ndani ya chuma kuna nini? Kikiwa na joto hilo, kaboni imeyeyuka ndani yake na kutawanyika kila mahali. Ukikiacha kipoe polepole, kaboni inapata wakati wa kujitenga, na chuma kinarudi laini. Ukikipoza ghafla, kaboni inanaswa pale pale ilipo, kama abiria waliofungiwa mlango wa boti kabla hawajashuka. Msongamano huo ndio ugumu.

Natumia mafuta ya kupikia, nimeyapasha moto mpaka nyuzi 50 au 60, kwa sababu mafuta ya uvuguvugu hupoza chuma haraka kuliko mafuta baridi, ambayo ni mazito. Maji ni ya haraka mno kwa springi. Visu vyangu viwili vya mwanzo vya springi nilivichovya majini na vyote viwili vililia *ti!*, mlio mdogo kama wa glasi, na ufa ukaonekana kutoka makali hadi katikati. Kwenye mafuta ingiza ncha kwanza, kisha kisogeze kana kwamba unakata, usikitikise ubavuni, kitapinda. Na mafuta yakishika moto funika chombo kwa mfuniko wa bati. Usimwagie maji hata kidogo.

Kikitoka hapo, tupa inateleza juu yake kama juu ya kioo. Wengi hufurahi na kuishia hapo, na kisu kikianguka sakafuni mara moja kinavunjika vipande viwili. Ndiyo maana lazima kirudi motoni, safari hii kwa upole: oveni ya nyuzi 200, saa mbili, kipoe, kisha saa mbili nyingine. Asiye na oveni akisugue bapa mpaka ling'are, akilaze kwenye mchanga wa moto ndani ya kikaango, akae akitazama. Rangi zitakuja zenyewe juu ya chuma. Kwanza manjano kama majani makavu, halafu hudhurungi, halafu zambarau, halafu buluu. Kisu cha jikoni kitoe kwenye manjano. Panga la shamba liache lifike zambarau au buluu, maana linahitaji kustahimili mshindo kuliko kushika makali membamba.

Mpini mimi natumia mti wa mfenesi. Msuka unauchoma uwe mwekundu, unauzamisha kwenye tundu la mpini mpaka ujipatie njia yake, kisha noleo, ile pete ya chuma, linakaza shingo. Sina zaidi la kusema hapo, maseremala waliopo wanajua kuliko mimi.

La kutu, ninalo la kusema. Sisi tunaishi na hewa ya chumvi, na tunakata samaki kwa ndimu. Chuma chenye kaboni kikilala na maji usiku mmoja, asubuhi kina madoa ya kahawia. Kioshe, kifute, kipake mafuta. Nilipokuwa natafuta mafuta yanayofaa nikasoma kuhusu Wajapani na panga zao. Wao hutunza panga kwa mafuta yanayoitwa choji, yenye harufu ya karafuu, na choji kwa lugha yao ni karafuu yenyewe. Si hilo tu. Mhunzi wao hupaka udongo mgongoni mwa upanga kabla ya kuutia matiko, ili mgongo upoe polepole ubaki laini na makali yawe magumu. Pale ugumu na ulaini unapokutana hubaki mstari unaoonekana. Mstari ukiwa wa mawimbi yenye vichwa vya duara vilivyopangana, wanauita pia choji, na wahunzi wa Bizen, jimbo la zamani huko Japani, walisifika kwa huo.

Nilipolisoma hilo niliweka simu chini nikatoka uani. Nilikuwa na jamvi la karafuu limeanikwa pale. Sisi tunachuma karafuu, makonyo, yaani vikonyo vyake, tunayapeleka kiwandani Wawi yatolewe mafuta, na mtu wa mbali ameiona karafuu ndani ya chuma chake akaipa jina. Sasa visu vyangu navipaka mafuta ya nazi niliyotia matone machache ya mafuta ya karafuu. Nuseni hiki kinachopita.

Na mnaochinja Sikukuu Kubwa, mnajua Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, ameamrisha mchinjaji anoe kisu chake na ampe mnyama raha. Mwaka huu mbuzi wa nyumbani kwetu amechinjwa kwa kisu kile cha mpini mweusi. Mzee aliyechinja alikitazama, akakifuta, akaniuliza kimefuliwa na nani.

Kiza kimeshaingia vizuri. Huko uani nimeacha makaa yanawaka tangu tulipotoka msikitini, na kuna kisu kimoja hakijatiwa matiko. Tutokeni, na kijana mmoja anizimie taa hizi za ukumbini. Sumaku nani ataishika?