Kilemba cha Ukoka: Sifa Zisizo na Mlalamikaji

DADA: Msikilizaji, karibu. Leo sina utangulizi mrefu. Naanza na shangazi yangu, na ruhusa amenipa mwenyewe. Mei 2025, usiku umeshaenda, simu inaita. Napokea, nasikia mtu analia. Moyo ukanipasuka, nikajua kuna msiba. Kumbe analia kwa furaha. "Mwanangu, umemsikia Papa?"

KAKA: Akakutumia video.

DADA: Hapo hapo. Papa Leo XIV, mwezi haujaisha tangu achaguliwe, kanzu nyeupe, anamjibu Kapteni Ibrahim Traoré, mtawala wa kijeshi wa Burkina Faso, kama baba anavyomjibu mwanawe. Anamsifu. Dakika 36. Shangazi aliitazama yote, kisha akairudia.

KAKA: Na Papa hakutamka hata neno moja la yale.

DADA: Hata moja. Vatikani ilitoka yenyewe kukanusha. Picha zilichukuliwa kwenye mkutano wake na waandishi wa habari, tarehe 12 Mei, siku nne baada ya kuchaguliwa. Kwa hiyo mkutano ni wa kweli, mtu ni wa kweli, ukumbi ni wa kweli. Kilichochezewa ni midomo na sauti. Siku ile Papa alisalimia kwa Kiingereza, kisha akahutubia kwa Kiitaliano. Kwenye video, Kiingereza kinatiririka tu. Nimeitazama na simu puani, kaka. Sentensi inakwenda, inakwenda, na mzee wa watu havuti pumzi.

KAKA: Na siku ile ya tarehe 12, alisema nini hasa?

DADA: Nitafika. Nataka watu waisikie baada ya kuyasikia haya mengine.

KAKA: Sawa. Basi na mimi nitoe yangu. Mwaka huohuo ulizunguka wimbo, sauti ya R. Kelly, yule mwanamuziki wa Marekani, inamwomba Mungu amlinde Traoré. Niliupenda kweli. Niliupiga kwenye gari, niliuimba bafuni, niliwatumia watu. Siku nyingi zimepita ndipo nikakumbuka kwamba R. Kelly yuko kizuizini Marekani tangu 2019, na mwaka 2022 alihukumiwa kifungo cha miaka 30. Studio aliingia lini? Swali jepesi kama lile sikuwahi kujiuliza, kwa sababu wimbo ulikuwa umeniingia.

DADA: Na hakuwa peke yake. Beyoncé, Rihanna, Justin Bieber, wote walisikika wakimwimba.

KAKA: Wote wameazimwa koo bila kuulizwa.

DADA: Sasa nikuambie kinachonikereketa. Tukitaja video za kughushi, mawazo yanakimbilia matusi. Mtu kawekewa maneno ya aibu, mwanamke kavuliwa nguo kwa kompyuta. Ni mambo mabaya, na nisingependa mtu asikie kama nayapunguza. Lakini yale yana mlalamikaji. Aliyechafuliwa atapiga kelele, ndugu zake watamtetea, atatafuta wakili. Hizi za sifa, nani atakwenda kushtaki? Anayesifiwa ananyamaza, maana limemfaa. Anayetazama amefurahi. Aliyetengeneza anahesabu watazamaji.

KAKA: Kilemba cha ukoka kimetengenezwa kiwandani.

DADA: Na kila mtu anakisifia kwamba kimekaa vizuri.

KAKA: Lakini kuna mtu umemruka, dada. Mwenye mdomo. Kumbuka Taylor Swift, mwanamuziki wa Marekani. Agosti 2024 Trump alichapisha picha za kutengenezwa zikionyesha kwamba Swift na mashabiki wake wanamuunga mkono. Mwezi uliofuata Swift akaandika kwamba jambo lile lilimfanya aone lazima aweke wazi msimamo wake, akasema kura yake ni ya Kamala Harris, mpinzani wa Trump. Mlalamikaji alipatikana.

DADA: Alipatikana kwa kuwa yeye akisema neno, dunia inasikia. Wale wa 2023 je?

KAKA: Waeleze, wengi hawaijui ile.

DADA: Traoré alichukua madaraka tarehe 30 Septemba 2022. Januari 2023, zikatoka video za watu nadhifu, wanatazama kamera, wanasema wao ni wanaumajumui wa Afrika, yaani wanaotaka Afrika iwe kitu kimoja, wanawahimiza watu wausimamie utawala wa kijeshi wa Burkina Faso. Watu wale hawakuwapo. Zilitengenezwa kwa programu ya Synthesia, kampuni ya London. Unaandika maneno, unachagua sura, sura inayasoma. Na kampuni inaiuza kwa mambo ya kawaida kabisa, video za kufundishia wafanyakazi na kadhalika. Ila sura zenyewe hazikuokotwa hewani. Ni za waigizaji waliolipwa wakarekodiwa. Mmoja wao, wa Uingereza, alikuja kujua baadaye kwamba uso wake ulitumika kumtangaza mtawala. Huyo akamlalamikie nani? Karatasi ameshatia saini.

KAKA: Na marehemu ndio kabisa. India, Januari 2024. M. Karunanidhi, aliyewahi kuwa waziri kiongozi wa jimbo la Tamil Nadu, alifariki Agosti 2018. Miaka zaidi ya mitano baadaye akaonekana kwenye skrini kubwa, miwani yake myeusi, shali yake ya njano begani, anausifu uongozi wa mwanawe, M. K. Stalin, aliyekuwa amekalia kiti kilekile.

DADA: Wenyewe hawakuficha, lakini. Ilijulikana kwamba ni akili mnemba.

KAKA: Ilijulikana, ndiyo. Lakini mzazi wako aliyekufa akisimama mbele za watu akakusifu, mimi sidhani kama kujua kunatosha. Baba yangu nimemzika. Mtu akija na sauti yake ikaniambia nimefanya vizuri, hata nikijua ni mashine, nitatetemeka. Sasa chukua kitu hicho ukifanye cha kuombea kura. Wosia wa marehemu una heshima yake. Maneno aliyotaka kuyasema aliyasema akiwa hai, na aliyoyaacha bila kusema ameondoka nayo.

DADA: Pole, kaka.

KAKA: Ahsante. Niseme na habari ya zile dakika 36, kwa sababu watu wanadhani kila video kama hii imetoka ofisi ya rais. Nyingine huenda zinatoka kwa watu wa siasa, na zile za Synthesia zilikuwa za siasa waziwazi. Lakini nyingi zina harufu ya biashara. YouTube inakuruhusu kupata mgawo wa matangazo ukifikisha wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Piga hesabu. Watu 7,000 wakitazama video ya dakika 36 mpaka mwisho, hizo ni saa 4,200. Video moja. Huhitaji kumpenda Traoré, huhitaji hata kujua Ouagadougou iko wapi. Unahitaji jina ambalo watu wana njaa ya kulisikia likisifiwa.

DADA: Kwa hiyo ni uchawa, ila chawa mwenyewe hamjui anayemsifu.

KAKA: Hamjui na hana haja naye. Chawa wa zamani angalau alikuwa na jina, tunamwona, tunajua anakula wapi. Huyu amejificha nyuma ya nembo ya chaneli.

DADA: Njaa hiyo uliyoitaja, nataka tuiheshimu. Maana nikisikia watu wanaandika kwamba wanaoamini hizi video ni wajinga, nachukia. Shangazi yangu si mjinga. Amesubiri maisha yake yote amwone kiongozi kijana wa Afrika anayewatazama wakubwa usoni bila kuinamisha kichwa. Traoré alikuwa na miaka 34 alipoingia. Wanajeshi wa Ufaransa waliondoka Burkina Faso mwanzoni mwa 2023. Mwaka 2024 serikali ikataifisha migodi miwili ya dhahabu. Hayo yalitokea. Mapenzi yana mizizi.

KAKA: Ndiyo maana uongo umeshika. Ungepandwa kwenye mwamba usingeota.

DADA: Na hapo ndipo napaona wizi. Ukimsifu mtu kwa asichofanya, hata alichofanya kinaingia shaka. Kesho mtu akisema migodi ilitaifishwa, mwenzake atamwambia, "Acha, hiyo nayo ni akili mnemba." Wapenzi wake wa kweli wameibiwa hoja zao.

KAKA: Mimi wizi ninaouona zaidi ni mwingine. Hadi Machi 2023 serikali yenyewe ya Burkina Faso ilikuwa imehesabu watu zaidi ya milioni mbili waliokimbia makazi yao kwa sababu ya vita na makundi ya wanajihadi. Agosti 2024, pale Barsalogho, watu walikuwa wanachimba handaki la kuukinga mji wao, wakavamiwa wakauawa, na makadirio yanafika mamia. Niambie, dada, ni wangapi waliotumiwa video ya R. Kelly waliowahi kutumiwa jina la Barsalogho?

DADA: Shangazi hakuwahi kulisikia.

KAKA: Hata mimi nililisikia kwa kuchelewa, na wimbo nilikuwa nimeukariri. Mama aliyetoka pale na mtoto mgongoni ndiye mlalamikaji uliyekuwa unamtafuta. Video ile haikumtaja kwa ubaya, haikumtaja kabisa. Ilikalia tu nafasi ambayo habari yake ingekaa.

DADA: Hilo sikuwa nimelifikiria hivyo.

KAKA: Nimelala nalo wiki nzima.

DADA: Watu watauliza, sasa tuzitambueje? Nipite haraka, maana kwa kweli mbinu za kutazama vidole sita na meno yaliyoyeyuka zinakufa. Mei 2025, mwezi uleule wa video ya Papa, Google ilitoa programu ya Veo 3, inayotengeneza picha na sauti vikiwa pamoja. Jicho litashindwa, kama bado halijashindwa. Mimi nimebaki na swali moja: mtu huyu alisema haya wapi, na nani mwingine alikuwepo? Papa akizungumza, kuna ukumbi, kuna tarehe, na Vatikani inachapisha hotuba. Mwanamuziki akitoa wimbo, upo kwenye ukurasa wake. Kama chimbuko pekee ni chaneli ambayo kila siku ina "habari kubwa" ya mtu mmoja yuleyule, weka chini.

KAKA: Na zile alama za YouTube? Tangu Machi 2024 wanamtaka mtengenezaji aseme kama video inayoonekana ya kweli imeundwa kwa mashine.

DADA: Mara nyingi maandishi yale yanakaa kwenye maelezo chini ya video. Mtu akiipakua na kuituma WhatsApp, maelezo yanabaki kulekule. Shangazi alipokea video iliyovuliwa kila kitu. Hakuna chaneli, hakuna tarehe, kuna Papa tu.

KAKA: Mimi ningetaka iwe sauti. Mwanzoni kabisa, sauti ya mtu iseme: maneno haya hayakusemwa na huyu unayemwona. Na kama ni mdomo wa mtu aliye hai, ridhaa yake iwepo. Huwezi kuniuzia sifa kwa mdomo wa jirani yangu wakati jirani hajui.

DADA: Na wanaosifiwa je? Mimi nawadai. Mtu akikupaka mafuta kwa mgongo wa chupa mbele ya watu milioni, una mdomo wa kusema, "Hili sikulifanya." Kunyamaza nako ni kupokea. Kiongozi yeyote, wa nchi yoyote, anayejua watu wanamlilia kwa jambo ambalo halipo, akanyamaza, amewaachia walie bure.

KAKA: Hapo umesema. Sasa shangazi. Ulimwambiaje?

DADA: Nilikosea mwanzo. Ilipita miezi, kisha nikamwandikia kwenye kundi la familia, mbele ya wote, "Shangazi, hii feki." Maneno matatu. Akanyamaza siku mbili. Nikajua nimemvua nguo mtu mzima. Nikaenda kwake, nikakaa naye, nikamwomba radhi kwanza. Ndipo akaniuliza lile swali ambalo nilipaswa kulitanguliza: "Basi Papa alisema nini siku hiyo?"

KAKA: Na mimi nimelisubiri.

DADA: Tukaitafuta hotuba tukaisoma pamoja. Alizungumzia akili mnemba, kaka. Palepale, kwenye hotuba ileile waliyoiiba, aliwaambia waandishi kwamba ina uwezo mkubwa sana na inadai uwajibikaji. Halafu akawataja waandishi wa habari waliofungwa kwa sababu ya kuutafuta ukweli, akaomba waachiliwe.

KAKA: Subiri. Machi 2025 Burkina Faso...

DADA: Ndiyo. Tarehe 24 Machi walikamatwa Guezouma Sanogo na Boukari Ouoba, viongozi wa chama cha waandishi wa habari wa nchi hiyo, siku chache baada ya kulalamika hadharani kwamba uhuru wa habari unabanwa. Kisha wakaingizwa jeshini kwa nguvu, wakavalishwa sare. Papa anaomba waandishi waachiwe, na mtu anachukua picha hizohizo, dakika hizohizo, anamtia kinywani sifa kwa mtawala ambaye waandishi wake hawajulikani watarudi lini.

KAKA: Shangazi alisemaje?

DADA: Alivua miwani, akaipangusa kwa kanga. Akaniuliza, "Na hao vijana, walitoka?" Nikamwambia walitoka Julai. Akasema nimtafutie picha yao, picha ya kweli, ataituma mwenyewe kwenye kundi.

KAKA: Akaituma?

DADA: Akaituma usiku uleule.