Nyumba ya Bure Kijijini Japani: Nibaki au Niondoke? Nawajibu Wote kwa Pamoja

Habari zenu wadau, karibuni. Leo sizunguki na kamera, nakaa hapa nijibu jambo moja. Kila nikipandisha video, hata iwe ya kusonga ugali, lazima mtu aandike chini yake: "Kaka, ni kweli Japani wanagawa nyumba bure vijijini?" Na siku hizi kuna swali la pili, la wenzetu ambao tayari wako huku: "Nimepata nyumba kijijini, lakini kijiji kinakwisha. Nibaki au niondoke?" Hilo la pili ndilo zito, na karibu kila kitu nitakachosema ni cha huyo.

Najua yatakayofuata. Nikisema nyumba inauzwa bei ya bodaboda, naringa. Nikitaja gharama zake, nawabania, sitaki wengine waje. Semeni tu, nimezoea. Na msinishike shati baadaye: kila mtu ana kibali chake, familia yake na mfuko wake. Ya mwenzio usiyavae kama yako.

Nyumba zipo, hilo si uongo. Hesabu ya serikali ya 2023 ilikuta nyumba tupu milioni 9 nchi nzima, karibu asilimia 14 ya nyumba zote. Wenyewe wanaziita akiya, na manispaa nyingi zina orodha yake mtandaoni. Kuna za yeni 300,000, kuna za bure kabisa. Kwa hesabu ya haraka, yeni 100 ni kama shilingi themanini na kitu za Kenya, au elfu moja na mia tano hadi mia saba za Tanzania.

Sasa mnaoniuliza mkiwa Mwanza au Nakuru: hati ya nyumba si kibali cha kuishi. Unaweza kumiliki nyumba 10 Japani na bado ukaingia kwa viza ya utalii na kutoka siku zikiisha. Zile video za "nunua nyumba, fungua gesti, upate viza ya biashara" zifuteni. Tangu Oktoba 2025 mtaji wa viza hiyo umepanda kutoka yeni milioni 5 hadi milioni 30, na lazima uajiri angalau mtu mmoja wa kudumu. Mlango huo kwa mtu wa kawaida umefungwa, na hasira zenu msinimalizie mimi.

Turudi kwa aliye ndani. Unajua tayari kuwa bei ya kununua ndiyo ndogo kuliko zote. Dalali wa nyumba isiyozidi yeni milioni 8 anaruhusiwa kudai hadi 330,000 pamoja na kodi, hata kama nyumba yenyewe ni 300,000. Yule mtaalamu wa kuandikisha hati naye ana chake. Halafu miezi kadhaa baadaye, umeshasahau, inaingia bahasha ya mkoa: kodi ya kupata mali, asilimia 3 ya thamani waliyoikadiria wao, siyo bei uliyolipa. Hapo ndipo watu huanza kupiga simu usiku.

Lakini wanaohama kijijini mara nyingi hawaondolewi na kodi. Wanaondolewa na choo, maji na theluji. Nyumba nyingi za bei hiyo hazikuunganishwa na bomba la maji taka. Ama ni shimo linalonyonywa na gari, ama ni tangi la kusafisha maji taka, jokaso. Tangi hilo kisheria linataka matengenezo mara kadhaa kwa mwaka, kunyonywa na kusafishwa kila mwaka, na ukaguzi wa kila mwaka, vyote kwa pesa yako. Kuweka jipya la nyumba ya familia ni karibu yeni milioni moja. Manispaa nyingi huchangia, ila sikiliza vizuri: ruzuku inaombwa KABLA fundi hajaanza, na pesa inatoka kazi ikishaisha. Ukianza kazi kwanza, umeipoteza. Hata wenyeji hukwama hapo.

Mchwa wapo pia, msidhani ni wa kwetu tu. Inua mkeka wa chumba cha nyuma na ule wa karibu na bafu, toa mbao, ingia chini ya sakafu na tochi. Gonga nguzo: ikilia debe, imeliwa. Tazama na mwaka wa kibali cha ujenzi. Kama ni kabla ya Juni 1981, nyumba ilijengwa kwa kanuni za zamani za tetemeko. Kingine kinachosahaulika ni barabara. Kiwanja kisichogusa barabara yenye upana wa mita 4 kwa angalau mita 2 kwa kawaida hakiruhusiwi kujengwa upya. Nyumba ikianguka, unabaki na nyasi.

Theluji nayo, ukiwa Akita, Niigata au Yamagata, ni kazi ya kupanda paa na koleo. Wazee hufa kila mwaka kwa kuanguka kutoka huko juu. Mabomba yakiganda yanapasuka, kwa hiyo usiku wa baridi kali unafunga valvu kuu na kumwaga maji yote. Usipoambiwa hilo mapema, bili ya fundi itakufundisha. Na dubu: mwaka 2025 waliua zaidi ya watu 10 nchini, hadi wanajeshi wakapelekwa Akita kusaidia kuweka mitego. Huku parachichi hatuna, lakini mti wa persimoni ulioachwa na matunda yake nyuma ya nyumba ndio unaowaita.

Jirani je? Mna maneno mengi kuhusu ubaguzi, lakini mara nyingi ugomvi wa kijijini ni zamu. Kuna chama cha mtaa: ada, kufyeka nyasi za barabarani, kuzibua mifereji ya mashamba masika yakianza, zamu ya kusafisha kituo cha taka. Vijiji vingine ukijitoa kwenye chama, suala la wapi utatupa taka linakuwa kesi. Na kadiri wazee wanavyopungua, zamu za waliobaki zinaongezeka. Kijiji cha kaya 12 ukiwa wewe pekee mwenye miaka chini ya 60, koleo, mashine ya kufyeka na ufunguo wa pampu ya maji vyote vitakuwa vyako. Hilo ndilo la kuhesabu kabla ya kusema unabaki.

Halafu hesabu namna ya kutoka. Watu hawafanyi hesabu hii! Nyumba iliyokosa mnunuzi ikiwa ya mzee itakosa mnunuzi ikiwa yako. Tangu Aprili 2023 kuna utaratibu wa kuirudishia serikali ardhi, lakini ni kwa ardhi ya urithi tu, na isiyo na jengo. Uliyoinunua haipokelewi. Kubomoa nyumba ya mbao ya ukubwa wa kawaida kunaweza kuzidi yeni milioni moja, na barabara ikiwa nyembamba hadi tingatinga lisipite, zaidi. Ukiiacha ioze, manispaa inaweza kukuondolea nafuu ya kodi ya kiwanja, ile inayokufanya utozwe kwa moja ya sita ya thamani. Tangu mwisho wa 2023 si lazima hata nyumba iwe hatari. Kutotunzwa kunatosha kukuanzishia onyo. Ukirudi nyumbani Afrika, deni halikai Japani: unatakiwa kuteua mwakilishi wa kodi, na huyo si wa bure.

Kama ulichukua ile ruzuku ya serikali ya kuhama kutoka Tokyo kwenda mikoani, hadi yeni milioni moja kwa familia na hadi nyingine milioni kwa kila mtoto, ukiondoka kabla ya miaka 3 unarudisha yote. Kati ya 3 na 5, nusu. Tena inawahusu wenye ukaazi wa kudumu, wenza wa Wajapani na wachache wengine. Mwenye viza ya kazi ya kawaida asijisumbue na fomu.

Mimi ningemwambia abaki mtu mwenye ukaazi wa kudumu, mwenye gari na leseni ya Kijapani, ambaye shule ya mtoto haijatangazwa kuunganishwa na nyingine. Uliza ofisi ya elimu ya manispaa, mipango hiyo hutangazwa mapema. Asiye na hayo akodi, asinunue. Manispaa nyingi zina nyumba za kujaribu kuishi, za siku chache hadi miezi, kwa bei nafuu. Omba Februari, kwenye baridi. Mei kila kijiji ni kizuri.

Leseni nitaifanyia video yake. Tangu Oktoba 2025 mtihani wa kubadilisha ya kwetu una maswali 50, na wengi wanaangukia hapo. Na dada yule anayeniuliza kila wiki kama nina rafiki Mjapani wa kumuoa: sina.