Nani Anajua Kombora Limebeba Nini? Mhadhara Uliotolewa Arusha

Mwenyekiti, wazee wetu, ndugu zangu, asanteni. Naanzia pale pale ninapoanzia siku zote: Minot.

Tarehe 29 Agosti 2007, katika kambi ya Jeshi la Anga la Marekani huko Minot, Dakota Kaskazini, askari walitumwa ghalani wakachukue makombora 12 ya kruzi, yaani yanayoruka chinichini kama ndege ndogo isiyo na rubani, aina ya AGM-129, wayafunge kwenye ndege ya kivita ya B-52 yapelekwe Barksdale, Louisiana. Yalikuwa yanaondolewa kazini, kwa hiyo yote yalipaswa kuwa na vichwa vya mazoezi tu. Hufungwa sita sita chini ya kila bawa. Ubavuni kila moja lina kidirisha kidogo. Unamulika tochi, unachungulia, unajua kilichomo. Kazi ya dakika chache! Wa ghalani hawakukagua ipasavyo. Waliokuja kuyachukua nao wakayapokea hivyo hivyo. Mwanajeshi wa ndege hiyo aliyepaswa kuhakikisha kabla ya safari alichungulia upande wa kulia peke yake, akaridhika. Upande wa kushoto zilining'inia silaha sita za nyuklia, kila moja ikiweza kufikisha nguvu mara kumi ya bomu la Hiroshima.

Ndege ikalala uwanjani bila ulinzi unaostahili silaha za namna hiyo. Kesho yake ikaruka, ikatua Barksdale, ikakaa tena saa kadhaa hadi mtu mmoja aliposhtuka. Kwa takribani saa 36 wenye mali hawakujua kwamba mali yao haipo ghalani. Mwaka uliofuata, waziri wa jeshi hilo na mkuu wake wakajiuzulu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Watu walioligusa kombora kwa mikono yao hawakujua limebeba nini. Je, ofisa aliyeketi mbele ya rada, anayeona nukta inakuja chinichini, atajuaje? Hawezi kujua! Kombora la AGM-86, la kruzi na la Marekani pia, lilianza likiwa la nyuklia, kisha mengine yakageuzwa kubeba baruti ya kawaida. Ndege ya kuyarusha yote ilikuwa ile ile, B-52, hadi yale ya kawaida yalipostaafishwa 2019. Urusi nayo ina Kh-101 ya kawaida na pacha wake wa nyuklia, Kh-102. Ofisa yule akidhani la kawaida kumbe la nyuklia, mji umekwisha. Akidhani la nyuklia kumbe la kawaida, anajibu kwa nyuklia. William Perry, waziri wa ulinzi wa zamani wa Marekani, mtu aliyeshiriki kuyaanzisha makombora haya miaka ya 1970, mwaka 2015 aliomba hadharani toleo jipya lisitengenezwe, kwa hoja hii hii. Linatengenezwa.

Kuna atakayesema wakubwa wana setilaiti. Setilaiti zinaona moto wa roketi kubwa inapoondoka ardhini. Kombora linalodondoshwa na ndege likawasha injini yake ndogo ya jeti halina moto wa namna hiyo.

Na yule anayeniuliza kila mara Arusha inahusikaje, leo nimjibu. AGM-86 ya nyuklia inakwenda zaidi ya kilomita 2,400. Irushwe juu ya Mlima Meru, inafika Khartoum na mafuta yanabaki. Mwaka 2011 ndege za Uingereza, Ufaransa na Italia zilirusha makombora ya kruzi Libya, ndani ya bara letu. Desemba 1998, B-52 zilizoruka kutoka Diego Garcia, kisiwa chenye kambi ya kijeshi ya Marekani na Uingereza katika Bahari ya Hindi hii hii tunayovua samaki, zilirusha ya kwao Iraki.

Mkataba wa Pelindaba, uliosainiwa Cairo 1996 ukaanza kutumika 2009, unataka Afrika na visiwa vyake pasiwe na silaha za nyuklia. Ramani yake inaonyesha visiwa vya Chagos, Diego Garcia ikiwamo. Uingereza inasema havimo. Sisi Watanzania tumeridhia mkataba huo, na tumenyamaza!

Mwenyekiti ananionyesha saa. Mkataba wa INF wa 1987, kati ya Marekani na Umoja wa Kisovieti, uligusa makombora yanayorushwa kutoka ardhini tu, haya ya ndege ukayaacha, na wenyewe ukafa 2019. Habari za Kh-55, makombora ya kruzi ya Kisovieti yaliyouzwa kwa magendo kutoka Ukraine hadi Iran na China, niulizeni kwenye maswali.

Ninachotaka ni kimoja. Nchi wanachama wa Pelindaba wakikutana tena, balozi wetu asimame aulize, akikitaja kisiwa kwa jina: ndege zinazotua Diego Garcia zimebeba nini chini ya mabawa? Wenye ndege wakisema hawathibitishi wala hawakanushi, iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kwamba Tanzania iliuliza na wao wakakataa kujibu.