Muulizeni Anaangalia Nini

Mhadhara kwa wazazi na walimu wa sekondari, Mtwara Mjini

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni.

Kwenye ratiba mmeandika kwamba nitazungumzia athari za utandawazi kwa maadili ya vijana. Mada hiyo nimeisikia kwenye vikao vyote tangu nianze kazi hii ya ualimu wa malezi, na kila mara inaishia palepale: simu mbaya, muvi mbaya, Bongo Fleva mbaya, watoto wameharibika, tufunge kwa sala. Leo siifuati. Nataka tumzungumzie mtoto anayejiona mgeni katikati ya watu, na kwa nini mtoto huyo hukimbilia sizoni, katuni na nyimbo. Nataka pia niwaombe, kwa mara nyingine tena, msiwe na haraka ya kumnyang'anya. Wengine mmenisikia nikilisema hili kwenye mahafali, mmenisikia kwenye kikao cha kamati. Mtanisikia tena, maana madaftari bado yanachanwa.

Ngoja nieleze hilo la daftari, hata kama wapo wanaolijua.

Alihamia shule niliyokuwa nafundisha kijana wa kidato cha kwanza, katikati ya mwaka. Baba mtumishi, kahamishwa kutoka Kigoma. Watoto wa watumishi mnawajua: wanafika wakati wenzao wameshagawana madawati, marafiki na majina ya utani. Huyu akisimama kujibu swali, lafudhi ya kwao inatangulia, na nyuma ya darasa kuna mmoja ambaye kazi yake ni kuirudia ile sentensi kwa kuigiza. Darasa linacheka, na mwalimu naye anatabasamu. Mapumziko wenzake wananunua ming'oko, ile mizizi ya kuchemsha, getini, wanamenya, wanachovya kwenye chumvi na pilipili. Yeye ming'oko hajapata kuiona maishani, akaitafuna na ganda lake. Akapewa jina papo hapo, sitalitaja. Lakini kilichomkata kabisa hakikuwa dhihaka. Wale vijana wengi walikaa jandoni pamoja. Wana nyimbo zao, wana mafumbo yao. Mmoja akianzisha, wengine wanaitikia na kuangua kicheko. Hakuna aliyemfukuza, ila pale katikati yao hapakuwa na nafasi ya mtu ambaye hakuwepo.

Basi akaanza kuchora. Nyuma ya daftari la hesabu, ukurasa baada ya ukurasa, kwa penseli iliyochongwa kwa wembe: kijana mwenye nywele zilizosimama, kitambaa chenye bamba la chuma kwenye paji la uso, mistari mitatu ya sharubu kila shavu. Kurasa nyingine, mbweha mwenye mikia tisa. Mwalimu mmoja akaliona daftari. Mikia tisa! Kesho yake habari ikawa kwamba mtoto wa Kigoma anachora majini. Daftari likachanwa mstarini mbele ya shule nzima, baba akaitwa, simu ikafungiwa kabatini. Mtoto akaacha kusema. Hakuwa na ukaidi wowote, kazi alizopewa alifanya. Aliacha tu kusema, shuleni na nyumbani.

Alipoletwa ofisini kwangu nilimpa karatasi na penseli, nikamwuliza: "Mwanangu, huyu uliyekuwa unamchora ni nani?" Akanitazama muda mrefu, anapima huu ni mtego au si mtego. Kisha akaanza. Akazungumza mpaka kengele ya kwenda nyumbani ikagongwa.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo watu huniambia, "Mwalimu, hizo si katuni tu?" Aliyekuwa anachorwa ni Naruto. Alibuniwa na Mjapani, Masashi Kishimoto, hadithi yake ikatoka kwenye jarida la vibonzo kuanzia 1999 hadi 2014, ikatengenezewa katuni ya televisheni, na watoto wenu wanaijua kuliko wanavyoijua ratiba ya mtihani. Naruto ni yatima. Kijiji chao kilivamiwa na huyo mbweha wa mikia tisa, na ili kukiokoa, mbweha akafungiwa ndani ya mwili wa mtoto mchanga. Watu wazima wanajua, mtoto mwenyewe hajui. Wanawakataza watoto wao kucheza naye, na sababu hawaisemi. Anakua peke yake. Siku moja anakwenda kuzipaka rangi nyuso za viongozi wa kijiji, wale wanaoitwa Hokage, zilizochongwa mlimani, ili angalau mtu amfokee. Walimu wenzangu, mwanafunzi huyo hamjapata kumwona? Mimi ninaye kila mwaka.

Na nani anayemwona mwanzo? Mwalimu. Anaitwa Iruka. Wazazi wa Iruka waliuawa na mbweha yuleyule, kwa hiyo kama kuna mtu mwenye sababu ya kumchukia yule mtoto, ni yeye. Iruka anamsimamia asugue ile rangi mpaka itoke, halafu anampeleka kumnunulia tambi. Adhabu katoa, na chakula kanunua. Baadaye anaumia akimtetea, kisha anavua kitambaa chake mwenyewe na kumfunga mtoto kwenye paji la uso. Kitambaa hicho ndicho kilichokuwa kwenye daftari la hesabu. Kijana wetu alichora mtoto aliyetengwa na kijiji, ambaye mwalimu wake alimwona, na mwalimu akauchana mchoro huo mstarini.

Siku hiyo ofisini, nje alikuwepo kijana mwingine, wa Chikongola hapa Mtwara, amepewa zamu ya kudeki. Akasikia. Akaingiza kichwa mlangoni bila hodi: "Muongo huyo, mwalimu. Aliyemfunga mbweha ni Hokage wa Tatu." Yule wa Kigoma akageuka: "Wa Nne!" Wakabishana. Wa Tatu, wa Nne, wewe hujaangalia, wewe ndiye hujaangalia. Huyu na lafudhi yake, yule na Kimakonde chake, na hakuna aliyemcheka mwenzake, kila mmoja ana shughuli ya kushinda. Alishinda wa Kigoma, ni wa Nne kweli. Wiki ile nikawakuta getini, wa Chikongola anamwonyesha namna ya kumenya ming'oko. Mwisho wa muhula hesabu alipata D. Sisemi katuni inafaulisha hesabu. Nasema mtoto alirudi kusema, na mtoto asiyesema huwezi kumfundisha hesabu wala kitu kingine.

Ndiyo maana nakosa subira nikisikia "anajifungia na sizoni, anawakimbia watu". Mtoto huyo watu anawatafuta. Amekosa wa karibu, ameshika wa mbali kwanza. Na kitu kinachopendwa na wengi kina faida ambayo kitabu changu ninachokipenda mimi peke yangu hakina: lazima mtaani yupo mwingine anayekipenda. Ukimnyang'anya kabla hajampata huyo mwingine, umemkata mara mbili.

Namwona mzee wangu pale anatikisa kichwa. Najua unachotaka kusema: enzi zetu tulikuwa na ngoma zetu, hatukuiga ya watu. Mzee, kwa heshima zote, mlicheza nini? Babu zetu walicheza beni. Beni ilianzia pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890, ikaenea Tanganyika pamoja na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Tarumbeta, sare, gwaride la kizungu, vyeo vya mfalme, jenerali na kapteni. Vyama viwili vikubwa, Marini na Arinoti, vinashindana kwa mavazi na karamu. Na wakubwa wa wakati huo, wamisheni kwa wazee wa dini, wakalalamika kwamba vijana wanaiga mambo ya kigeni na kutapanya fedha. Si maneno yetu haya ya kila kikao? Lakini mtu wa beni akiingia mji asioujua alikuwa na wenzake wa kumpokea. Akiugua wanamuuguza, akifa wanamzika. Mpagazi katolewa bara na vita, kaachwa pwani, ukoo hana, lugha anababaisha, ila Marini wanamjua. Alipata watu kupitia tarumbeta ya kuigiza. Watoto wetu wanafanya jambo lilelile, nasi tunaita kupotea.

Na hivi sisi watu wa Kusini ndio wa kuelezwa habari ya kuwa mgeni ndani ya nchi yako? Kabla ya Daraja la Mkapa la mto Rufiji kufunguliwa 2003, na hata baada yake, kile kipande cha barabara cha Ndundu hadi Somanga, nisiseme, mliolala njiani mnajijua. Mtoto wa Kimakonde akifika Dar es Salaam alikuwa akiulizwa kabila anameza mate kwanza. Vichekesho vyenyewe mnavijua, sivirudii mbele ya watoto wao. Kisha akatokea kijana wa Tandahimba, mwanamuziki Harmonize, akajiita Konde Boy, na alipoanzisha lebo yake 2019 akaiita Konde Music Worldwide, maarufu kama Konde Gang. Maneno ya nyimbo tubishane siku nyingine, leo sina muda huo. Ila nimemkuta binti wa Newala, mwanafunzi wa chuo Dodoma, fulana imeandikwa Konde kifuani, anatembea kichwa juu. Mama yake asingethubutu, na mama yake mwenyewe ameniambia hivyo. Hilo halikuletwa na semina yoyote.

Haya, mengine. "Mwalimu, vibanda umiza." Nakubali, kibanda kinachoingiza watoto usiku kwenye muvi za wakubwa kifungwe, Bodi ya Filamu inapanga madaraja ya umri na madaraja hayo yafuatwe. Lakini ingieni mchana muone kabla ya kuhukumu. Mabenchi ya mbao, turubai jeusi dirishani, joto, na ile sauti ya mtafsiri juu ya sauti ya muvi, mtindo ambao mtafsiri Lufufu aliuzoesha nchi nzima. Mtafsiri haelezi tu anachosema Mchina. Anampa madeni, anampa mama mkwe, anamtaja muuza chapati. Mtoto ambaye darasani Kiingereza kimemwacha nyuma, pale anaelewa kila kitu, na anacheka wakati uleule anaocheka jirani yake wa benchi. Ni saa ngapi nyingine kwa siku mtoto huyo anakwenda sambamba na wenzake?

"Mwalimu, muda." Ndiyo, pangeni muda. Hata ugali una saa yake. Mtoto anayekesha mpaka saa tisa usiku simu izimwe, sibishani na hilo. Ila mzazi anayezima bila kujua kilichokuwa kinaangaliwa hajui alichozima.

Kuhusu wasichana nilikuwa nimeandaa mengi: sizoni za Kikorea zilizotafsiriwa, wanavyopeana kwenye flashi, wanavyolia pamoja bwenini, na yule binti aliyekuja kutoka Msumbiji hajui Kiswahili cha shule. Mwenyekiti ananionyesha saa, naona. Niseme tu kwamba binti huyo alijifunza maneno yake mengi ya kwanza kwa watafsiri wa sizoni hizo, na marafiki wake wa kwanza walikuwa wale waliomsubiri amalize sehemu ya mwisho ndipo waijadili. Watoto wenye ualbino nao wanahitaji siku yao, siwezi kuwapitia kwa dakika mbili. Na kwa wale wanaodhani mashujaa wa vibonzo ni mambo ya watu walioshiba: Superman, 1938, alibuniwa na vijana wawili wa Cleveland, Marekani, watoto wa wahamiaji Wayahudi. Wakamfanya mtoto aliyetoka sayari nyingine, akalelewa na wakulima, na siri yake anaishi nayo kila siku. Walikuwa wanajua wanachokisema.

Sasa ombi langu, na nataka liamuliwe leo. Shule hii ina televisheni kubwa. Iko stoo, na boksi lake halijatolewa gundi. Naomba ifungwe ukumbini, ukumbi ufunguliwe kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja. Watoto walete wanachotaka kuangalia, mimi na mwalimu mwingine tukikague tangu Ijumaa, na ikiisha wakae palepale wabishane. Kubishana ndiyo sehemu ninayoitaka kuliko zote. Wageni, waliohamia, wanaokaa peke yao, nitawafuata mwenyewe darasani kuwaalika. Nahitaji baba mmoja na mama mmoja wa kukaa nasi, wakiangalia pamoja na watoto na wakiuliza maswali: huyu ni nani, amefanywa nini, kwa nini unampenda. Umeme wa hizo saa tatu nitachangia mimi kama tatizo ni luku.

Mwalimu mkuu yupo, mwenyekiti wa kamati yupo, mwenye ufunguo wa stoo namwona pale nyuma. Wanaokubali naomba wanyooshe mikono.