Ayutthaya: Ufalme Uliotawala kwa Kuhesabu Watu

Zuhura: Karibuni, wasikilizaji. Leo tunaizungumzia Ayutthaya, ufalme wa Siamu, yaani Thailand ya leo, uliodumu tangu mwaka 1351 hadi majeshi ya Burma yalipouteketeza mji wake mkuu mwaka 1767. Kaka Selemani, wengi hukumbuka mahekalu na tembo wa vita, lakini wewe umependa tuanze na orodha za serikali.

Selemani: Ni kwa sababu nguvu za wafalme wale zilitoka humo, dada Zuhura. Bonde la mto Chao Phraya lilikuwa na ardhi tele na watu wachache, hivyo mfalme alihangaikia zaidi kupata watu na kuwazuia wasimponyoke kuliko kupanua mipaka. Hata vitani, mateka waliohamishwa kwa maelfu walithaminiwa kuliko mji uliotekwa. Mfalme Trailok, aliyetawala kuanzia 1448 hadi 1488, ndiye anayetajwa kuwa aliuweka utaratibu huo katika sheria.

Zuhura: Tueleze ulivyofanya kazi.

Selemani: Kila mtu alipewa daraja lililotajwa kwa kipimo cha mashamba kiitwacho rai, nao mfumo huo uliitwa sakdina. Mtumwa alikuwa na rai 5, mtu huru wa kawaida 25, waziri aliyeongoza idara alikuwa na 10,000, na uparat, yaani mkuu aliyemfuata mfalme, 100,000. Kwa hesabu ya leo, rai 25 ni takriban ekari 10, ingawa si lazima mtu awe amelimiliki shamba lenyewe. Uzito wa daraja ulionekana mahakamani, ambako faini na fidia zilipimwa kwalo. Huyo anayeitwa huru aliandikishwa chini ya bwana, na kwa karibu nusu ya mwaka alimfanyia mfalme kazi ya shokoa, akichimba mifereji, akijenga ngome au akienda vitani.

Zuhura: Hapo ndipo ninapowafikiria wanawake, ambao waume zao walipochukuliwa waliendelea kulima na kuuza sokoni ili nyumba isilale njaa. Wageni wa Ulaya waliofika huko karne ya 17 waliliona jambo hilo na kuliandika. Kwa maoni yangu linastahili nafasi kubwa kuliko linayopewa.

Selemani: Nakubaliana nawe kabisa. Trailok aligawa pia serikali: Mahatthai ikasimamia raia, Kalahom ikasimamia jeshi, na idara nyingine nne zikashughulikia mji mkuu, kasri, hazina na mashamba.

Zuhura: Je, mgawanyo huo ulikilinda kiti cha enzi?

Selemani: Haukukilinda vya kutosha, kwa kuwa kanuni ya urithi haikuwa thabiti, na ndugu wa mfalme waligombana na wanawe. Sheria ya kasri ilieleza hata namna ya kumuua mwana wa mfalme: alitiwa ndani ya gunia, kisha akapigwa kwa rungu la msandali. Mwaka 1629, waziri aliyeshika Kalahom alitwaa ufalme, akajulikana kama Prasat Thong.

Zuhura: Na mwaka 1688 yakatokea tena.

Selemani: Naam, mfalme Narai akiwa mgonjwa mahututi, Phetracha, mkuu wa idara ya tembo, alichukua madaraka. Baadaye idara zile kubwa ziligawanywa kwa maeneo, Mahatthai ikapewa kaskazini na Kalahom kusini, ili pasiwe na waziri mmoja mwenye amri juu ya askari wote wa nchi.